Goti la Shemeji

Alhamisi, 7 Machi

Leo somo yangu amemleta mchumba wake kwangu nimtibu goti. Alitangulia kuingia, akamshikia mlango ili magongo yapite, kisha akaniambia mbele ya wagonjwa wanne: "Somo, nakukabidhi. Ukinirudishia kiguru, tutagombana." Wagonjwa walicheka. Nami nilicheka.

Tunaitana somo kwa kuwa tulipewa jina moja. Tangu mwaka wa kwanza wa chuo, tulipopangwa chumba kimoja, hakuna kati yetu aliyelitumia jina lenyewe kwa mwenzake. Sasa ni miaka kumi na mitatu. Yeye anafundisha hisabati sekondari. Mimi ni mtaalamu wa viungo katika hospitali hii. Mchumba wake ni fundi wa laini za umeme, mtu wa kupanda nguzo. Mwezi Januari alianguka, akapasuliwa goti na kuungwa kano. Namwita shemeji, kama inavyopasa.

Goti linakunjika nyuzi sitini na nne. Hapewi cheti cha kurudi kazini mpaka lifike mia na ishirini. Nimempangia nafasi ya mwisho ya siku, kila Alhamisi, maana ndiyo siku ambayo somo hana vipindi vya mchana na anaweza kumsindikiza.

Baada ya mazoezi nilimfunga barafu dakika ishirini, kisha nikamwacha avute kamba ya mpira dakika ishirini nyingine. Mimi na somo tulikaa kwenye benchi la nyuma, tukanywa chai ya chupa yangu. Alinisimulia habari za mwalimu mkuu wake hadi machozi yakanitoka kwa kicheko. Dakika arobaini. Tangu ampate huyu bwana sijawahi kuwa naye dakika arobaini mfululizo bila simu yake kuita.

Alhamisi, 14 Machi

Sabini na tano. Mvua imeanza. Benchi la nyuma lina paa.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua kutwa. Wagonjwa watatu tu.

Alhamisi, 21 Machi

Themanini na nane. Ni goti zuri, lenye bidii kuliko mwenyewe.

Tulipokuwa chuoni, mimi na somo tulijiwekea masharti juu ya wachumba wa kila mmoja. Tuliyaandika nyuma ya daftari la takwimu huku tukicheka: kutokaa naye faragha mlango ukiwa umefungwa, kutomsifu mbele ya mwenye mali zaidi ya mara moja kwa siku, na kutopokea siri yake hata moja. Hatukuwahi kuyahitaji. Wachumba walikuja na kuondoka, sisi tukabaki na daftari.

Leo, huku nimeshika kifundo cha mguu cha shemeji ndani ya pazia, nilitambua kwamba kazi yangu inavunja sharti la kwanza kila wiki, na kwamba sijali hata kidogo. Simtamani. Nimejichunguza kwa uaminifu kadiri niwezavyo. Ni mwanamume wa kawaida, mwenye mikono mipana na mzaha mwingi. Kinachoniuma ni kitu kingine, na bado nakizunguka bila kukitaja.

"Shemeji," aliniuliza, "mbona ukinikunja unakuwa kama unakunja nguo za mdeni wako?"

"Kwa sababu hujikunji mwenyewe, shemeji."

"Mwenzako ana huruma kuliko wewe."

"Basi akukunje yeye."

Tulitaniana hivyo, kama inavyoruhusiwa. Mashemeji hutaniana. Lakini aliposema "mwenzako" nilihisi kitu kikinichoma chini ya mbavu. Alilitamka kana kwamba yeye ndiye anayenigawia somo.

Alhamisi, 28 Machi

Tisini na saba.

Somo amenipa habari zake akipuliza chai. Shemeji akipata cheti atapelekwa kwenye kituo kipya, mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi. Ndoa itakuwa mara tu akisharudi kazini. Wazazi wa pande zote mbili wamekubaliana. Naye ameshaandika barua ya kuomba uhamisho.

"Kuna shule tatu kule," alisema. "Moja haina mwalimu wa hisabati kabisa. Watanibeba juujuu!"

"Hongera, somo."

"Mbona unasema kama unanipa pole?"

"Nimechoka tu. Leo nimekunja magoti tisa."

"Basi usilichoshe la kwangu," alisema, akanigonga bega na kusimama kwenda kumtazama. Dakika tisa kabla ya wakati. Nilitazama saa.

Alhamisi, 4 Aprili

Nataka kuandika jambo hili kwa utaratibu.

Kipimo kilisoma mia na sita. Kwenye kadi niliandika mia na moja.

Mtaalamu yeyote atakuambia kwamba kipimo cha mkono kinaweza kupotoka kwa nyuzi tano. Mia na moja na mia na sita ni takribani goti lilelile. Niliposhika kalamu nilikuwa na hoja hiyo mkononi, kamili, imepangwa vizuri, na ukamilifu wake ndio unaonitia shaka. Katika miaka minane ya kazi sijawahi kuchagua upande wa makosa.

Huko nje mvua ilikuwa ikipiga bati. Somo alikuwa ameniletea maandazi ya kantini ya shule yao, yakiwa bado na joto ndani ya karatasi.

Jumanne, 9 Aprili

Dada wa mapokezi, ambaye hospitali nzima inamwita Redio, amenizuia kwenye korido.

"Dada, yule shemeji yako mbona hapungui?"

"Hapungui nini?"

"Huduma. Waliopasuliwa naye wote wameshaaga. Yeye kila Alhamisi yumo, kajipaka mafuta, kachana nywele. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

"Kila goti lina mwendo wake."

"Haya," alisema. "Goti."

Alhamisi, 11 Aprili

Mia na kumi na mbili. Nimeandika mia na tatu.

Shemeji aliichukua kadi, akaisoma, akaitazama kwa muda mrefu kuliko tarakimu tatu zinavyohitaji. Kisha akairudisha. Amekwisha kuacha magongo. Sasa anaendesha ile baiskeli isiyokwenda popote, na anaiendesha vizuri.

Jumapili, 14 Aprili

Nilimpigia somo mara mbili. Alisema atanipigia baadaye.

Alhamisi, 18 Aprili

Somo hakuja. Alikuwa akisimamia mtihani. Shemeji alikuja peke yake, amelowa mabega, na kwa mara ya kwanza hakuleta mzaha.

Mia na kumi na nane. Nilikuwa nimeshaandika "105" aliposema, kwa sauti ya chini:

"Shemeji, goti langu nalijua. Jana nimechuchumaa kufunga bomba la jikoni. Mtu wa mia na tano hachuchumai."

Kalamu ilibaki juu ya karatasi. Nilijiandaa kwa swali lililokuwa linakuja.

Lakini hakuuliza. Alisema: "Andika hivyohivyo."

"Unasemaje?"

"Usiongeze. Andika hivyohivyo, wiki mbili tatu." Alikuwa akiisugua ile alama ya mshono. "Sijui unaandika hivyo kwa nini, na sitaki kujua. Huenda umeniona. Mimi nikifumba macho naiona ile nguzo. Juzi nilipanda ngazi ya kubadilisha taa sebuleni, ngazi ya hatua nne, shemeji, nikashuka jasho linanitiririka. Nikamwambia mwenzako taa ni nzima. Tumekaa na taa mbovu siku tatu."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Ameshaandika barua ya uhamisho. Anatembea anaimba. Usimwambie, nakuomba. Wewe ndiye wa kwanza kusikia."

Nilifunga kadi. Nilimwambia kwamba woga wa aina hiyo una watu wake wa kuutibu, kwamba nitampa barua ya kwenda kwao, kwamba si aibu. Aliitikia kama mtu anayekubali kuletewa kiti asichokusudia kukikalia.

Sasa ni jioni, nami nimekaa na jambo hili mezani. Kwa wiki sita nimemwona mtu huyu kama mwizi. Nilimhesabia kila dakika aliyochukua. Leo aliketi mbele yangu akiwa ameogopa kama mtu yeyote, na nilimhurumia, na huruma hiyo ilinikera, kwa sababu nilikuwa nimezoea kumchukia kwa urahisi. Aidha, uongo wangu umepata mshiriki. Niliutunga kwa ajili ya wivu, yeye akaupokea kama wema. Nimepokea siri ya mchumba wa somo yangu, na siwezi kuirudisha: akiwa ndani ya pazia lile ni mgonjwa wangu, na anachoniambia hakitoki.

Nimesema "wivu". Basi nimelitaja.

Alhamisi, 25 Aprili

Mia na ishirini na moja. Kadi: mia na sita.

Somo alikuwa na wasiwasi. Msimamizi wa shemeji amesema cheti kisipofika kabla ya tarehe kumi Mei, nafasi ya kituo kipya atapewa mwingine, na shemeji atawekwa stoo kuhesabu vikombe vya nguzo, vile vya kushikilia nyaya. Somo alinishika mkono kwenye benchi.

"Wewe ndiye unayenipa moyo," alisema. "Yeye akitoka hapa anakuwa kimya. Anasema unamtunza vizuri. Nami nasema, ningempata wapi mwingine wa kumwamini?"

Nilimmiminia chai. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linalonitisha ninapoandika sasa.

Jumatatu, 29 Aprili

Somo alikuja saa ya chakula cha mchana. Redio alijaribu kumwambia asubiri, hakusubiri. Alikuwa amelowa hadi magotini, na mkononi alikuwa na kile kipimapembe kikubwa cha mbao anachotumia ubaoni, amekifunga kwa mfuko wa plastiki. Alikitoa, akakilaza juu ya kitanda cha tiba.

"Mia na ishirini na mbili," alisema. "Nimempima jana sebuleni. Mara tatu. Nikadhani nimekosea. Mimi, somo, nikadhani mimi nimekosea kusoma pembe."

"Hukukosea."

"Kadi inasema mia na sita."

"Kadi si sahihi."

"Nani ameiandika?"

"Mimi."

"Kwa kukosea?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kulikuwa na nafasi ya neno hilo, na nadhani alikuwa ameniachia nafasi hiyo makusudi.

"Hapana," nilisema.

Akavuta kile kigoda changu cha magurudumu, akakaa. "Na yeye anajua. Nilipomwonyesha hakushtuka. Mtu akiambiwa amepona hushtuka, hufurahi, huruka. Yeye alitazama dirishani. Mnajua nyote wawili. Tangu lini?"

"Siwezi kukuambia alichoniambia."

Nilipoisikia sentensi hiyo ikitoka, nilijua ni mbaya kuliko zote ambazo ningeweza kuchagua.

"Kwa hiyo kuna alichokuambia."

"Somo, ndani ya chumba hiki yeye ni mgonjwa."

"Ndani ya chumba hiki yeye ni mchumba wangu, amekunja suruali hadi mapajani, na wewe unamshika. Usinifundishe." Sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya darasani anapotaka wa nyuma wanyamaze. "Unamtaka?"

"Hapana."

"Sema tu. Nitaumia nipone. Si wewe wa kwanza duniani kumtamani wa mwenzio."

Inanishangaza kwamba kwa muda mfupi nilitaka kusema ndiyo. Kosa hilo linajulikana. Lina maneno yake, lina hasira yake, wanawake wanajua namna ya kulilia na namna ya kulisamehe. La kwangu sikuwa nimewahi kusikia mtu akilikiri.

"Nilikuwa nangoja zile dakika arobaini," nilisema.

"Dakika arobaini gani?"

Hakujua. Nilimtazama vizuri nihakikishe, na kweli hakujua. Nilikuwa nimeziishi kwa wiki saba, nazo hazikuwa na jina kichwani mwake.

"Za benchi. Yeye akiwa na barafu. Mimi na wewe, na chai. Akipona utaacha kuja. Kisha utahama."

Tulisikia mtu akivuta kiti kule mapokezi. Bila shaka Redio alikuwa akisogea karibu. Kisha somo akacheka, mara moja, kicheko kifupi kilichokatika kabla hakijaanza.

"Umemzuia mtu goti lake ili mimi ninywe chai na wewe?"

"Ndiyo."

"Si ungenipigia simu!"

"Nilikupigia. Ulisema utanipigia baadaye."

"Basi ungepiga tena! Ungekuja kwangu ukanifokea. Ungesimama mlangoni ukasema, wee mwanamke, umenitupa. Ningekasirika, ningekutukana, kisha ningekusikia. Wewe ukaona bora uandike. Kila wiki unaandika, kimya kimya, kwa mwandiko wako mzuri." Alifuta uso kwa kiganja, sijui kama ilikuwa mvua. "Na mtu anahangaika usiku kucha kurudi kazini, huku nafasi yake inapotea."

Hapo ningeweza kumwambia kwamba hahangaiki kurudi. Ingenipunguzia mzigo, huenda nusu yake. Sikusema. Inawezekana kunyamaza huko ndilo jambo sahihi pekee nililolifanya tangu Machi, ila siliamini sana, kwa sababu nilipokuwa nikinyamaza nilijiona mwema.

Alikifunga kipimapembe chake katika mfuko.

"Nampeleka kwa mwingine," alisema. Mlangoni hakugeuka. Hakuniita somo. Aliniita kwa jina langu, ambalo ni lake pia, akasema: "Kwaheri."

Jumanne, 30 Aprili

Nilimpelekea mkuu wa kitengo barua. Aliisoma mara mbili, miwani ikiwa kwenye paji la uso, jambo linaloonyesha kwamba mara ya kwanza hakuisoma.

"Nyuzi kumi na tano," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Kwa chini. Miaka thelathini naona watu wakizidisha ili waonekane mafundi. Wewe ni wa kwanza kuniletea za kupunguza." Akasubiri. "Sababu umeiita binafsi."

"Ni binafsi."

Nimepata barua ya onyo. Kwa miezi sita kila kipimo changu kitarudiwa na mwenzangu na kusainiwa. Ni haki. Nilitoka nikiwa mwepesi, kisha nikajilaumu kwa wepesi huo: mkuu wa kitengo si yule niliyemkosea.

Alhamisi, 2 Mei

Mwenzangu wa kazi amempima shemeji. Mia na ishirini na tatu. Cheti kimetoka. Mimi nilikuwa chumba cha pili na mtoto mwenye mkono uliovunjika. Niliwasikia wakipita koridoni, nyayo za watu wawili, zote sawa, hakuna unaoburutwa.

Ijumaa, 3 Mei

Redio: "Dada, wanasema ulimtaka shemeji yako. Niwaambieje?"

Sijui kwa nini, nilimwambia ukweli wote unaonihusu mimi. Alinisikiliza mdomo wazi, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu.

"Hapana, dada. Hiyo hawataiamini. Tubaki na ile ya kwanza."

Alhamisi, 9 Mei

Ujumbe wa simu kutoka kwa shemeji: "Nimemwambia mwenyewe yote ya nguzo. Kazi ya juu nimeiacha, nimeomba kufundisha wanafunzi wa laini, chini, ardhini. Hatuhami kwa sasa. Samahani kwa niliyokubebesha."

Nilisoma "hatuhami" na moyo ukaruka kabla sijauruhusu. Mtu amepoteza kazi aliyoipenda, na mimi nafurahi. Nimejipa jina linalostahili, siliandiki hapa.

Sikumjibu. Ujumbe wa mchumba wa mwenzako, ambao mwenzako hajui kama umetumwa, haujibiwi. Nilichelewa kujifunza, lakini nimejifunza.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua imepungua. Nimeandika barua tatu kwa somo, nikazichana. Alikwisha kusema anavyoona juu ya kuandika kwangu.

Alhamisi, 16 Mei

Nilikwenda.

Nyumba yake naijua kuliko ninavyojua yangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiingia kwa mlango wa jikoni bila hodi, nikifunua sufuria kabla ya kusalimia. Leo nilizunguka hadi mlango wa mbele, nikagonga, nikasema hodi.

Shemeji alifungua. Alisimama pembeni, hakunipa mkono, nami sikuutoa.

"Shikamoo nisikupe, hatujafika huko," alisema, akijaribu mzaha wa zamani. Kisha akaacha. "Yupo."

"Nani?" Sauti ya somo ilitoka jikoni. Maji yalikuwa yakimwagika kwenye beseni.

"Mgeni wako," shemeji alisema.

Maji yalifungwa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima. Ilikuwa na utangulizi, hoja na hitimisho. Nilikumbuka alichoniambia ningepaswa kufanya, na kwamba alikuwa amenipa maneno kabisa, neno kwa neno. Nikasema kwa nguvu, pale pale mlangoni, majirani wakisikia:

"Wee mwanamke, umenitupa! Nami nimekukosea kuliko ulivyonitupa. Nimekuja unitukane."

Shemeji alitazama viatu vyake. Jikoni beseni liliwekwa chini.

"Mwambie aingie," somo akasema. "Akae sebuleni."

Nilikaa sebuleni, kwenye kiti cha wageni, magoti pamoja. Shemeji alichukua koti lake, akasema kwa sauti kwamba anakwenda kwa fundi wa redio na atachelewa, akaondoka na kuuacha mlango wazi. Baada ya muda somo aliingia na chai kwenye sinia, vikombe vyenye visahani, ambavyo katika miaka kumi na mitatu sijawahi kutolewa. Hakuketi karibu nami. Aliketi ng'ambo ya meza, akafuta mikono kwa aproni, akaanza kunitukana.

Alianzia mwaka wa kwanza wa chuo. Jua lilipozama alikuwa hajafika mwaka wa tatu. Alisema mengine atayasema Jumamosi, na kwamba nije kwa mlango uleule wa mbele.